Bihogo Anasukuma, Gitare Anapiga Teke

Harufu ya baruti sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana. Inakaa puani kama moshi wa kiberiti, ila ina uzito zaidi, na mtu akishaivuta mara moja haisahau. Siku niliyokutana nayo tena nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha kukunja, nje kidogo ya Louisville, blanketi miguuni na sahani ya viazi vya kuchoma mapajani. Ilikuwa miezi ile ya maboga, majani yamekuwa mekundu, na hewa ina baridi kidogo, baridi ya kwetu milimani. Nikafumba macho. Bon, nikarudi.

Acha kwanza nikuelezee tulivyofika pale, usije ukajiuliza bibi mzima anatafuta nini kwenye bunduki.

Mimi nakaa Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwenye nyumba ambayo binti yangu aliinunua na kuipaka rangi mwenyewe. Mjukuu wangu Furaha, mtoto wa binti yangu huyo, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mjukuu mwingine, Bahati, yuko Hilliard, pale Columbus, anapanga maboksi kwenye ghala. Wa tatu ni Gentil, wa Louisville, yuko kiwandani. Gentil alikuwa anaoa. Furaha akanipakia kwenye gari lake, tukapitia Columbus kumchukua Bahati, tukashuka hadi Louisville tukiimba nyimbo za kanisa, wao wakikosea maneno na mimi nikiwasahihisha. Harusi ilikuwa Jumamosi, Jumapili tukaenda kanisani, na Jumatatu Gentil akatupeleka kwenye shamba la mzee mmoja anayefanya naye kazi, akatufungulia nyuma ya gari. Mlikuwa na bunduki mbili zimelala kwenye blanketi.

Ya kwanza ilikuwa ile ambayo kwetu tuliita kalibre, bunduki ya kuwindia, inayotapika chembe nyingi za chuma kwa mara moja. Ya pili ilikuwa bunduki ya askari wa zamani, ndefu, mti mtupu na chuma, ambayo jeshi la nchi nyingine lilichoka nayo likaiuza, ikazunguka dunia mpaka ikafika Kentucky. Gentil alinunua zote mbili kwa sababu anataka kuwinda paa wa huku, na hakujua aende na ipi.

Wakaanza kubishana ipi inampiga zaidi mwenye kuipiga.

Gentil akatoa simu. Akasema kuna hesabu, na hesabu inasema kalibre ndiyo yenye teke kubwa. Bahati akasema hesabu haina bega. Yeye alikuwa ameshapiga zote mbili, na ile ya askari ilimtoa machozi.

"Wewe machozi yako yako karibu," Gentil akamwambia. "Juzi ulilia kwenye harusi yangu."

"Nililia kwa sababu ya bibi harusi. Nilimhurumia."

Furaha akacheka, akaomba naye ajaribu. Kalibre ilimrudisha nyuma hatua mbili, akaona ni mchezo. Akachukua ile ya askari, akaishika kama mtu anavyoshika mtoto wa wengine aliyelowa. Ikalia. Akaiweka chini taratibu, akashika bega, akaenda kuketi garini. Mimi namjua Furaha. Akiondoka hivyo, ameshaamua kwamba kitu kile si chake tena maisha yake yote.

"Koko," Bahati akaniambia, kwa maana hivyo ndivyo wanavyoniita mimi bibi yao, "wewe unaonaje? Ipi iko na teke?"

Aliuliza kwa utani, kama mtu anavyomuuliza mtoto mdogo bei ya gari. Nikamwambia, "Moja ina teke. Nyingine haina teke, inasukuma tu. Na ninyi mmeweka chombo cha maziwa pale mkipige, sijui nani aliwalea."

Wakageuka kutazama. Kweli, juu ya gogo walikuwa wamepanga magaloni matupu ya maziwa ya dukani, wameyajaza maji. Nikawaambia watoe. Mtu wa kwetu hapigi chombo cha maziwa, hata kiwe cha plastiki. Gentil akaenda kuyatoa huku anacheka, akaweka boga. Halafu akauliza, "Donc, Koko, umejuaje habari ya teke?"

Nikawaambia niliyowaambia, nami nakuandikia wewe vilevile.

Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, nyanda za juu za Kivu ya Kusini, mahali ambapo ukungu unapanda kutoka msituni saa nane mchana na kuingia mlangoni bila kubisha hodi. Asubuhi unasikia vibuyu. Mama alikuwa akiviosha vibuyu vya maziwa, anavifukiza kwa majani, na ule moshi mtamu ndio ulikuwa saa yetu ya kuamka. Kisha kuteka maji, kisha kuzoa mavi ya ng'ombe kwa mikono, ya moto, na siku za baridi ulishukuru kwa joto lile. Kisha viazi. Tulikula viazi asubuhi, tukabeba viazi shambani, tukarudi kwenye viazi na maziwa ya kuganda. Mpaka leo kiazi cha Buffalo nakila kwa heshima tu.

Ng'ombe wetu nawakumbuka wote. Bihogo, mkubwa, wa rangi ya udongo uliolowa. Gitare, mweupe, mwenye hasira. Mayenzi. Rugaju aliyevunjika pembe. Yule mdogo, Sine, aliyependa kulamba chumvi mkononi. Watu nao nawakumbuka, jina kwa jina, kilima kizima, ila leo nitakutajia wachache tu, maana nikianza hatutamaliza.

Baba alikuwa mlinzi wa mashamba ya upande wetu wa msitu. Nguruwe wa porini wakiingia kwenye viazi vya kilima, asubuhi moja inatosha, watu wana njaa mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo chefu, mkuu wa eneo letu, alikuwa amempa baba bunduki mbili na karatasi moja yenye muhuri. Moja ilikuwa kalibre, ya nguruwe wa karibu. Nyingine ilikuwa ya askari, iliyobaki kutoka vita vya wazungu, ya nguruwe wa mbali, ng'ambo ya bonde. Mashamba yote ya upande wetu yaliishi kwa karatasi ile. Na sisi tuliishi kwa heshima yake, maana baba hakuwa na ng'ombe wengi wala mtoto wa kiume. Tulikuwa wasichana watano, mimi wa kwanza.

Mwaka huo baba akaanguka kwenye mteremko wa mawe, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Ukaunga vibaya. Hakuweza tena kuweka kitu begani, hata jembe. Habari ikashuka bondeni, na baada ya wiki chache mjumbe wa chefu akapanda. Jina lake Salumu, mtu mrefu, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani. Akanywa maziwa, akasifu maziwa, kisha akasema bunduki isiyo na bega inarudi kwa chefu. Atarudi baada ya siku mbili za soko. Kama nyumba ina mtu wa kuzipiga zote mbili mbele yake, karatasi inabaki. Kama hakuna, anaondoka nazo, anampa jirani yetu, ambaye ana wavulana sita.

Mama akaanza kulia polepole. Baba akatutazama wasichana watano tuliokuwa tumeketi kwenye mkeka, akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu, miguu mirefu, mikono ya kubeba maji.

"Huyu atapiga," akasema.

Salumu akacheka mpaka kofia ikasogea. Akasema, "Sawa, mzee. Nitakuja na mtu wa kumbeba."

Shida ilikuwa masasi. Hivyo ndivyo tulivyoita risasi. Tulikuwa na moja ya kalibre na mbili za ile ya askari, basi. Hakuna hata moja ya kujifunzia. Baba akakaa siku mbili anawaza, halafu asubuhi ya tatu akanipeleka zizini.

Akanisimamisha ubavuni pa Bihogo. Bihogo alikuwa na tabia moja, alipenda kumwegemea mtu. Ukisimama karibu naye anakuwekea uzito wote, taratibu, kama mtu mnene anayeketi kwenye benchi lako. Ukijikaza kama mti anakuangusha. Ukilegeza magoti na kuacha mwili urudi, anakusogeza hatua mbili na mnabaki marafiki. Baba akasema, "Hii ndiyo kalibre. Ina nguvu nyingi lakini haina haraka. Usipigane nayo. Iache ikusogeze."

Kisha akanipeleka kwa Gitare.

Kwetu kukamua ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke anaosha kibuyu, anapokea maziwa, anayagandisha, anayagawa, lakini haketi chini ya ng'ombe. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akitukamulia tangu baba aumie, na kila siku Gitare alimpiga teke. Alikuwa akiketi mbali, amenyoosha mikono, kwa woga, na Gitare alikuwa akipata mahali pa kuuvuta mguu vizuri kabla hajamtwanga. Baba akamwambia aondoke. Akaniambia mimi niketi, niweke paji la uso kwenye ubavu wa Gitare, bega kwenye paja lake, nibane kabisa, pasipite hata jani.

Nikamwambia, "Baba, atanivunja."

Akasema, "Teke linakaa kwenye nafasi. Usimpe nafasi."

Nikabana. Nikasikia moyo wake unapiga kwenye shavu langu. Akajaribu kupiga, mguu ukatikisika tu, ukakosa pa kuanzia, ukanisukuma kama mkono wa mtoto. Akajaribu tena. Kisha akatulia, akaendelea kutafuna.

"Hii ndiyo ya askari," baba akasema. "Kitako chake ni chuma, chembamba, na ina haraka kuliko wewe. Ukiiogopa utaishika mbali kidogo na bega, upana wa kidole tu, na ndani ya kile kidole kimoja ndimo itakapokusanya hasira yake yote. Usiipe nafasi."

Kila asubuhi nilikwenda, Bihogo kwanza, Gitare baadaye. Na sasa sikiliza jambo la kuchekesha. Msichana kushika bunduki, kilima hakikusema kitu. Lakini Mama Rebeka, jirani yetu wa chini, mama wa wale wavulana sita, alipita akaniona niko chini ya Gitare, akaangusha kuni zake. Siku ile ile habari ikafika kanisani. Akaja kumwambia mama mbele yetu, "Mwenzangu, mtoto wako nimemwona chini ya ng'ombe. Nani atamwoa?"

Mama, ambaye alikuwa mpole kuliko wote, akamjibu, "Hakamui, anajifunza kupiga bunduki."

Mama Rebeka akafikiri kidogo. "Aa," akasema, "kama ni bunduki tu, basi." Akaokota kuni zake akaenda.

Siku ikafika. Salumu alipanda na kofia yake, na nyuma yake watu wengi, maana habari ilikuwa imetembea. Mama alitoa kibuyu cha kupigwa. Alichagua kile cha maji kilichopasuka mdomoni, akakigeuza mara tatu kuhakikisha hakijawahi kuingia maziwa. Baba akahesabu hatua arobaini akakiweka juu ya jiwe, na mbali kidogo pembeni akaweka cha pili, nacho cha maji.

Kalibre ilikuwa ya kwanza. Nikalegeza magoti. Ikalia, ikanisogeza hatua mbili, sawasawa na Bihogo, na kibuyu cha kwanza kikawa vipande. Watu wakapiga vigelegele. Nikajiona mkubwa. Na hapo ndipo nilipokosea.

Nilipopokea ile ya askari nilitazama watu. Nikaona Salumu anatabasamu, nikaona wavulana sita wamepanga mstari. Nikaogopa. Nikaiweka begani kama inavyowekwa na mtu anayetazamwa, kwa urembo, upana wa kidole kimoja mbali. Nikafyatua. Sikuona kibuyu, niliona weupe. Kitako kilinigonga karibu na shingo, mdomo ukapasuka kwenye meno yangu mwenyewe, na mahali fulani ng'ambo ya bonde risasi iligonga jiwe. Kibuyu kilikuwa pale pale.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Salumu akanyoosha mkono aichukue bunduki. Baba akasema, "Imebaki moja."

"Mzee, mtoto anatoka damu."

"Imebaki moja," baba akarudia, akaja akaniwekea ile risasi mkononi. Hakunipa pole. Alisema neno moja tu, sikioni, "Gitare."

Nikafumba macho. Nikaacha kuwaza bunduki. Nikaweka shavu kwenye mti wake kama nilivyokuwa nikiliweka kwenye ubavu ule mweupe, nikaingiza chuma ndani ya bega palepale palipokuwa panauma, nikabana mpaka maumivu yenyewe yakakosa pa kukaa. Nikafumbua macho. Nikafyatua. Bunduki ikatikisika, ikanisukuma. Sikusogea hata unyayo.

Kibuyu hakikupasuka, kilitobolewa. Kilibaki kimesimama juu ya jiwe na tundu mbele, tundu nyuma, na ukisimama nyuma yake ulikuwa unamwona Salumu kupitia katikati.

Salumu alitazama muda mrefu. Kisha akavua kofia. Akaomba meza, hatukuwa na meza, akaandika juu ya mgongo wa mmoja wa wale wavulana sita. Alimuuliza baba jina la mwenye bunduki. Baba akataja jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali popote. Nilikuwa nimesoma darasa la kwanza na nusu ya la pili, nilizijua herufi zake, na nilisimama na mdomo umevimba nikizifuata moja moja mpaka ya mwisho, nione asije akairuka.

Nililinda mashamba yale misimu minne, mpaka nilipoolewa. Ndiyo, niliolewa, tena na mmoja wa wale wavulana sita, yule aliyetoa mgongo. Mama Rebeka aliwaambia watu kwamba yeye alijua tangu zamani.

Hayo ndiyo niliyowaambia wajukuu. Boga lilikuwa juu ya gogo. Nikamwambia Furaha atoke garini.

"Koko, inauma," akasema.

"Najua inapouma. Njoo."

Siwezi tena kuinua bunduki ndefu, mikono imechoka. Lakini kuegemea naweza. Nilimsimamisha, nikaja nyuma yake, nikamwekea paji la uso kwenye mgongo na bega langu kwenye bega lake, nikabana. Nilikuwa nasikia moyo wake. Gentil akampa ile ya askari, Bahati akanifunika masikio vizuri. Nikamwambia Furaha maneno ya baba, usiipe nafasi. Akauliza nafasi gani. Ni kweli, huku neno hilo wanalijua kwa maana nyingine tu, kila mzazi kanisani anawaambia tumekuja kutafuta nafasi, shikeni nafasi. Nikamwambia, "Iliyo kati yako na yeye. Ibane iishe."

Akabana. Ikalia. Ikatufikia wote wawili, mimi nyuma yake, na niliijua. Ilikuwa Gitare yule yule, mguu uliokosa pa kuanzia.

Boga lilipata tundu. Bahati akalikimbilia, akatutazama kupitia ndani. Furaha alishusha bunduki vizuri, mtutu chini, akamwambia Gentil, "Andika kwenye simu yako. Andika kwamba moja inasukuma na nyingine inapiga teke. Na andika nani amekwambia."

Njiani tukirudi, tulipomwacha Bahati Hilliard na kubaki wawili, Furaha alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unapapasa bega. Akaniuliza bunduki za baba zilikwenda wapi. Nikamwambia vita vilipokuja, wapiganaji waliopita wa kwanza walizichukua. Waliopita wa pili walichukua ng'ombe. Waliopita wa tatu hawakukuta mtu. Zile mbili zetu zilikuwa na majina ya ng'ombe, maana mwishoni hata mama alikuwa akisema niletee Gitare, nguruwe wako ng'ambo. Bunduki zilizokuja baadaye zilikuwa nyingi mno, na hakuna aliyezipa majina. Kile kilima sasa ni nyasi. Karatasi yenye jina langu ilibaki ndani ya nyumba iliyochomwa.

Akaendesha mpaka tukaiona Buffalo. Kisha akasema nimtajie tena wale ng'ombe, polepole. Bihogo, nikasema. Gitare. Mayenzi. Rugaju. Sine. Akawarudia mmoja mmoja, bila kukosea.

Naandika haya mezani, Black Rock, kwa herufi zangu za darasa la kwanza na nusu ya la pili. Juu ya bega la kulia, karibu na shingo, nina kifupa kidogo kilichoinuka, na siku za theluji kinauma. Binti yangu anataka nimwonyeshe daktari. Namwambia aache. Baba alinifundisha kuinyima bunduki nafasi, na siku ya Salumu, mbele ya kilima kizima, nafasi hiyo akanipa mimi. Pale begani ndipo iliponiingia.